Kuku Waliopumzishwa Gizani

Chantal, mwenzangu wa kazi, ameniomba niandike, maana sasa yeye ndiye anayeshika funguo za hangari la kuku na sanduku la taa, na vijana wapya wanamwuliza mambo ambayo hayako kwenye karatasi ya fundi. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu katika kazi ya kuku cheo ni kimoja tu: ama uko ndani na mavi, ama uko nje na simu. Mimi nilikuwa ndani. Naandika Kiswahili cha katekisimu, ndicho masista walichonifundisha kabla baba hajaamua kwamba msichana anayeweza kusoma jina lake amesoma kutosha. Kile cha nyumbani nitakiachia midomo ya watu.

Niliingia kazi hii wakati migodi ilikuwa imelala, na waume wetu pamoja nayo. Kulikuwa na mzee mmoja, Papa Kasongo, aliyekuwa amefuga kuku wa misioni tangu ujana wake, na sasa alikuwa anafuga wa mwenye duka mmoja. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha ufagio wala ndoo. Alinipa kuku, akamgeuza matako juu, akaniambia niweke vidole kati ya mifupa miwili iliyo chini ya mkia. Kama mifupa imeachana, kuku anataga. Kama imekazana, anakula bure.

"Muntu atakudanganya na kinywa," akasema. "Kuku na matako, hapana."

Nimefanya kazi na watu wengi waliosoma tangu siku ile. Sijasikia fundisho lililonitumikia zaidi.

Yeye ndiye aliyenionyesha mambo ya mwanga. Huku kwetu jua halina maneno mengi: linatoka, linazama, mwaka mzima karibu sawasawa. Lakini kuku wa mayai anataka mchana mrefu kuliko huo ndipo atage vizuri. Papa Kasongo aliwaongezea mchana kwa taa za mafuta, akizitundika kwenye waya jioni na kuzizima yeye mwenyewe, polepole, moja baada ya nyingine, ili kuku wapate muda wa kupanda kulala. Mafuta yalipokosekana mjini, mayai nayo yalipungua, na mwenye duka akasema tunayaiba. Papa Kasongo alimwalika aje kulala nasi gizani ayalinde. Hakuja.

Miaka ikapita. Papa Kasongo alizikwa, mwenye duka aliuza, nami nikahamia ferme, yaani shamba, ya Papa Kambale, njia ya uwanja wa ndege wa Luano. Papa Kambale ni mfanyabiashara wa Butembo. Watu wa kwao huuza chochote kinachoweza kupanda lori, na yeye alianza na sabuni, akaja kwenye mayai kwa sababu, alisema, sabuni watu wanaweza kuiacha. Alileta Ingénieur Mukendi, mtoto wa Wakasai aliyezaliwa hapa hapa, mtu mwembamba aliyesoma kilimo mpaka miwani ikawa minene. Mukendi naye alileta taa za LED.

Zilikuwa kamba ndefu zenye macho madogo, na sanduku moja ukutani la kuziamuru: ziwake lini, zizime lini, kwa nguvu gani, kwa rangi gani. Zilikula umeme kidogo sana, na huo ulitoka kwenye mabamba ya jua juu ya paa, kwa sababu umeme wa mji unajulikana: unakuja kama mgeni asiyebisha hodi, na hakai kunywa hata maji. Jioni zile kamba hazikuzima kwa ghafula. Zilififia taratibu kama Papa Kasongo na taa zake. Nilisimama nikaziangalia, nikaona kwamba mtu alikuwa amemweka mzee wangu ndani ya sanduku, bila kikohozi.

Mukendi alinieleza rangi. Huyu hakuwa mtu wa kukuficha alichojua.

"Kambo, mwangaza mwekundu unapita mu kichwa ya kuku, unafika ku bongo, unamuambia: taga."

"Na bluu?"

"Bluu inamutuliza. Mu bluu kuku haione muzuri, anazania ni usiku. Unamukamata kama unachimba muhogo."

Kambo ndilo neno letu la bibi, na wote pale waliniita hivyo, hata patron, mwenye mali. Juma la kwanza la taa nyekundu wanaume wawili walisimama jioni kwenye lango letu, wakalitazama hangari lililokuwa linang'aa jekundu kote kama baa.

"Mama, bière iko baridi?"

"Hapa iko kuku."

"Ya kuchoma?"

"Ya kutaga."

Waliondoka wamehuzunika kweli. Papa Kambale aliposikia, alisema labda tulikosea biashara.

Halafu ukaja ule mwaka ambao kila kitu kilifungwa. Sababu waulizeni wenye redio. Mimi nilisikia sababu tatu katika juma moja, zote kwa sauti ileile. Malori yalipanga mstari mpakani Kasumbalesa mpaka madereva wakawa wanaanika nguo juu ya magurudumu. Ndege za Luano zilinyamaza. Tulikuwa tumezoea kelele zake hata kuku hawakuinua kichwa. Sasa ukimya ndio uliowashtua. Na vifaranga vyetu vilikuwa vinakuja na ndege hizo, ndani ya makatoni yenye matundu. Ndege hakuna, vifaranga hakuna. Vifaranga hakuna, hakuna kuku wapya wa kuchukua nafasi ya wale waliozeeka. Na wetu walikuwa wamezeeka. Walitaga leo, kesho wakapumzika, kesho kutwa wakatoa yai lenye ganda kama karatasi ya sigara.

Papa Kambale alituita uwanjani, mbele ya stoo.

"Chakula inatoka Zambia, Zambia imefungwa. Vifaranga inatoka na ndege, ndege imelala. Kuku haitage. Mimi nitabachinja bote, niuze nyama, tufunge. Munisamehe."

Tulikuwa watu sita katika hangari lile, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na nyumba nzima inayongoja bukari, ugali wetu. Ndipo Mukendi akasafisha miwani.

"Patron, hizi kuku hazijaisha. Zimechoka tu. Tubapumuzishe."

Akaeleza. Kuku unaweza kumfupishia mchana, ukampunguzia chakula, akaamini kwamba msimu mbaya umefika. Anaacha kutaga kabisa. Anaangusha manyoya ya zamani, anaota mapya, tumbo lake linapona. Kisha unamrudishia mchana mrefu, naye anaanza tena. Si kama msichana, alisema Mukendi, ila kama mama mwenye nguvu.

"Kuku anaendaka congé?" akauliza Papa Kambale, kama mtu anayeombwa likizo.

"Anaendaka, patron."

"Na miye, nani atanipatia congé?"

Akatazama magunia yaliyokuwa yamebaki stooni. "Muna chakula hii tu. Magunia ikiisha bila mayai, kisu."

Sikuamini. Nalijua jicho la mtu aliyesoma anapokisia. Lakini kisu nilikijua zaidi, basi nikaenda kutafuta plastiki nyeusi.

Hapa nawaambia ninyi mliobaki, maana mtafanya jambo hili tena: giza ni kazi kuliko mwanga. Mwanga unawasha, unakwenda zako. Giza linavuja. Tulishona mapazia ya plastiki kwa uzi tulioufumua kwenye magunia, tukayashusha alasiri jua likiwa bado kali nje. Tuliingia ndani, tukafunga, tukasimama mpaka macho yakazoea, kisha tukatafuta vitundu. Penye msumari palikuwa na nyota. Penye mlango palikuwa na mstari. Chantal aliziba kila kimoja kwa ugali wa sabuni na majivu. Na hewa isisahauliwe: tuliiacha ipite chini, kupitia masanduku yaliyopindwa kama kiwiko, ili upepo uingie na jua libaki nje. Simu za tochi zilibaki kwenye ndoo mlangoni. Nilimpokonya hata Mukendi ya kwake.

Kuku waliamini. Baada ya muda manyoya yalianza kuanguka, kwanza shingoni, kisha mgongoni, mpaka tukawa tunafagia manyoya kama watu waliopasua magodoro. Walibaki shingo na aibu. Ilikuwa majira ya baridi, basi tuliweka mbabula, jiko letu la mkaa, nje ya ukuta, nyuma ya bati, joto liingie na mwanga wa makaa usionekane. Mayai yaliisha kabisa. Wanawake wa soko walikuja langoni na vibao vyao vya mayai vitupu, nasi tukawaambia kuku wamepumzika.

"Hata kuku ya hii inchi inafanya grève," mmoja akasema, kana kwamba kuku nao wamegoma kazi, akageuza kibao chake kichwani.

Nilikaa na wazo moja siku hizo nikifagia. Kuku tuliwadanganya kwa taa, tukawaambia msimu mbaya umefika, wakajikunja wakangoja. Sisi tulidanganywa kwa redio, tukaambiwa msimu mbaya umepita, tukatoka nje tukapigwa na mvua. Kuku walikuwa na mdanganyifu bora.

Magunia yalikuwa yamepungua kiasi cha kutisha mama yake Papa Kambale alipofariki. Aliishi naye Makomeno, bibi mpole, alizoea kuniuliza kuku wamelalaje kana kwamba ni wajukuu. Makomeno hapakuwa na umeme tangu kabini ya transfoma ya mtaa iungue, na nyumba ilikuwa ndogo. Familia ikaamua kilio kifanyike kwetu, katika hangari la pili lililokuwa tupu. Kati yake na kuku wetu hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na wavu.

Ninyi mnajua kilio hakikai gizani. Watu wanakuja na mikeka, wanaimba, wanalala hapo mpaka maziko, na taa haizimwi, kwa sababu marehemu si mtu wa kuachwa peke yake kama kitu kilichosahaulika. Aliyekuja kusimamia alikuwa mkubwa wa familia, Paluku, kaka yake Papa Kambale, mwuza sukari wa jumla katikati ya mji, mwenye sauti ya kupakia lori. Alileta jenereta na taa kubwa nyeupe ya kiwanjani.

Mukendi alijaribu, akimwita yaya, kaka mkubwa. "Yaya Paluku, nyuma ya ule wavu kuku iko mu repos, inapumuzika. Mwangaza mukali utabaharibia."

"Mama yetu tumulilie mu giza kama mwizi?"

"Hapana vile, Yaya. Ila kuku..."

"Kuku njo nani mu hii famille?"

Mukendi alirudi kusafisha miwani. Taa ikawashwa. Ilipasua plastiki yetu kana kwamba haipo, maana upande wa wavu tulikuwa tumeweka pazia moja tu. Pasta alipoanza kuomba, kuku waliamka, wakashuka, wakaona kumekucha, wakaanza kuimba na kudai chakula. Pasta alisema amina. Wao walikuwa bado. Mama mmoja wa kwaya akanong'ona kwamba hata wanyama wanamlilia marehemu, na wengine wakalia zaidi.

"Kambo," Mukendi akaniambia pembeni, "jioni moja tutasamehewa. Ikiendelea batabaki katikati: kupumuzika hapana, kutaga hapana. Na magunia yetu unayaona."

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Papa Kambale. Sikuyahitaji. Kesho yake mazutu, mafuta ya jenereta, iliisha, na katika mji wote hapakuwa na mazutu ya kununua, hata kwa mwuza sukari wa jumla. Kwa mara moja, mambo yaliyoharibika nchini yaliharibika kwa faida yetu. Tulikuwa na kamba zetu za LED tu, na Mukendi akazitundika juu ya mikeka akachagua bluu, hafifu.

Sijaona kilio kama kile. Midomo ya watu ilikuwa myeusi, meno na macho vikang'aa, shela nyeupe za akina mama zikawa kama maji ya kisima. Kila aliyeingia alisimama mlangoni akashika kifua. Paluku alitutazama mmoja mmoja.

"Nani alikufa, Mama ao siye bote?"

Lakini watu walilia kweli. Baadaye wengi walisema Makomeno haijawahi kumlilia mtu vile. Kuku nyuma ya wavu walilala kimya.

Tulizika. Na baada ya maziko watu wanakula, hilo nalo mnalijua. Malori hayakuwa yamepita, nyama mjini ilikuwa hadithi. Wageni walikaa uwanjani na bukari na sombe, majani ya muhogo matupu, na manung'uniko yakaanza. Paluku akazunguka hangari mchana, akachungulia kwenye wavu, akarudi ametanua mabega.

"Kambale. Uko na kuku yote hii, haitage, na bantu banakula majani ku kilio ya mama yako?"

Wote waligeuka. Papa Kambale alitazama viatu. Mdogo hambishii mkubwa mbele ya watu, na mbele ya kaburi bichi la mama yao ndiyo kabisa. Mukendi alifungua mdomo.

"Weye uko mutoto wa nani hapa?" Paluku akamwuliza, na Mukendi akaufunga.

Papa Kambale akasema polepole, "Yaya, kama unaona vile..." Nikajua akimaliza sentensi ile, watu sita hawana kazi.

Niliingia hangarini. Nilimchagua mbaya kuliko wote, hana unyoya mgongoni, mfupa wa kifua umesimama kama ukingo wa jembe. Nikamweka mikononi mwa Paluku, mbele ya watu, kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi.

"Yaya Paluku, mukubwa njo anakatula maneno. Miye niko nauliza tu. Hii utamuandalia nani? Pasta? Ao bakwe zako benye bamekaa pale?"

Akamtazama kuku. Kuku akamtazama.

"Batasema iko mugonjwa," nikaendelea. "Batasema ile ugonjwa ilikamata mama njo ilibaki mu kuku. Na benye hapana kusema vile batasema Paluku alitafuta kuku yenye tayari imenyonyolewa, ju asisumbukie maji ya moto."

Nyuma yangu wanawake walianza kukohoa ndani ya vitenge. Wakwe zake walisogeza sahani zao mbali kidogo.

"Ondosha hii kintu," akasema Paluku.

Nikamwondoa. Jioni gari lake likarudi na magunia ya samaki wakavu kutoka duka lake mwenyewe, ambao bila shaka alikuwa amewasahau huko nyuma ya sukari. Watu walikula wakamsifu, naye alipokea sifa.

Wageni walipoondoka, Mukendi akafungua mchana. Hakuufungua wote mara moja. Aliongeza kidogo, akangoja, akaongeza, na jioni akarudisha nyekundu. Chakula nacho tulirudisha taratibu, na hapo magunia yakaanza kukimbia. Papa Kambale alikuja kila asubuhi, akaangalia stoo kwanza, hangari baadaye. Siku moja nilimkuta ananoa kisu mwenyewe kwenye ngazi, bila hasira, kama mtu anayefunga vifungo vya shati.

Mimi nilizunguka na vidole. Mifupa imekazana. Imekazana. Manyoya mapya yalikuwa yamefunika, meupe safi, wakapendeza kama watoto wa komunyo, na chini ya mkia imekazana. Mukendi aliniuliza kwa macho tu, nami nikatikisa kichwa. Hakuwa analala, ilionekana. Kisha siku moja nikaona upanga wa kichwa wa mmoja umekuwa mwekundu, si kwa taa, kwa damu. Nikamgeuza. Vidole viliingia.

"Mumoja," nikamwambia.

"Mumoja hapana kitu, Kambo."

"Najua. Nilikuambia tu."

Tulikuwa tumeanza kukung'uta magunia matupu tupate unga wa mwisho Chantal alipotoka hangarini ametanguliza kiganja chenye yai. Yai lilikuwa dogo, na alilikuta ndani ya chombo cha chakula, maana aliyelitaga alikuwa amesahau viota viko wapi. Papa Kambale akalichukua, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza, akaligonga tena kwa nguvu zaidi.

"Ganda iko nguvu," akasema.

Aliondoka bila kutuaga. Mchana baiskeli alizoziagiza zilianza kufika kutoka vijijini na mahindi, na kisu sikukiona tena nje ya jiko. Mayai yakaja, si kama zamani, ila ya kutosha, na akina mama wa soko wakarudi langoni na vibao wakituuliza kama grève imeisha. Yalitubeba hadi mpaka ukafunguliwa. Siku ulipofunguliwa, mayai ya Zambia yaliingia mji mzima kwa bei ya kututukana, lakini makatoni ya vifaranga nayo yalikuwa yameshafika Luano, na hakuna hata mmoja wetu sita aliyerudishwa nyumbani.

Shughuli ya kuondoa kilio ilifanyika palepale fermeni, chini ya taa za kawaida. Nilichemsha mayai, nikayapanga kwenye sinia na chumvi na pilipili. Paluku aliketi mahali pa mkubwa. Alimenya moja, akalichovya, akala. Akala la pili. Wakwe zake walikula naye.

"Mimi nilimuambiaka Kambale," akawaambia, na kinywa kimejaa. "Nilimuambia: hizi kuku, muntu asibaguse."

Mukendi alipaliwa na chai. Papa Kambale akamtazama kaka yake, akatazama sinia, kisha akanigeukia mimi.

"Kambo, njo vile?"

"Njo vile, Baba," nikasema. "Bakubwa banaonaka mbali."

Nikamchagulia Paluku lingine kubwa, nikammenyea.